Mtoto wa Mjaluo bingwa wa barafuni, sisi Dutwa hata uwanja wa vumbi tunanyang'anywa!

NDUGU msomaji, kabla hujafunua ukurasa wa pili kutafuta habari za vigogo na ulaji wao, nakuomba unipe dakika chache nikupeleke mahali ambapo wewe na mimi hatujawahi kukanyaga. Nakupeleka kwenye barafu. Sisemi barafu ya ubuyu ambayo watoto wetu hapa Dutwa huifyonza mchana jua likiwa utosini. Nasema barafu ya kukimbilia, ngumu kama sakafu ya saruji, yenye urefu wa mita 60 hivi, ambayo wanaume wazima huteleza juu yake kwa viatu vyenye vyuma vikali chini, wakigombea kisahani cha mpira mgumu kwa magongo. Wenyewe wanauita mchezo huo hoki ya barafuni. Kule Kanada ni kama Simba na Yanga kwetu.

Wiki chache zilizopita niliitaja habari hii kijiweni tulipokuwa tunakunywa kahawa, nikasema kuna mtoto wa Mjaluo aliyewahi kuwa bingwa wa mchezo huo. Walinicheka! Mzee mmoja, mkulima wa pamba, akaniuliza: "Mjaluo? Hawa hawa wa ng'ambo ya ziwa wanaovua sangara? Barafu aliijulia wapi, kwenye kreti la samaki?" Kijiwe kizima kikaangua kicheko, nami nikacheka. Lakini nikiwa njiani kurudi nyumbani niligundua kwamba mzee yule ameuliza swali la maana kuliko maswali mengi yanayoulizwa kwenye vikao vya wakubwa. Barafu aliijulia wapi? Hilo ndilo ninalotaka kulijibu leo.

Jina lake ni Johnny Oduya. Baba yake ni Mjaluo wa Kenya, mama yake ni Mswidi. Alizaliwa Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, Oktoba 1, 1981. Alikuwa akicheza beki. Mwaka 2001 timu ya Washington Capitals ya Marekani ilimchagua katika orodha ya vijana wapya, lakini akiwa wa 221! Msomaji, mtu wa 221 ni yule ambaye jina lake linasomwa watu wakiwa wameshaanza kubeba viti. Hakukata tamaa. Alibaki kwao akicheza ligi ya Uswidi, na mwaka 2006 akaingia NHL, ligi kubwa kuliko zote za mchezo huo, akiwa na timu ya New Jersey Devils. Mpaka anatundika magongo alikuwa amecheza zaidi ya mechi 800 katika ligi hiyo, na alikuwa kwenye kikosi cha Uswidi kilichopata medali ya fedha katika Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 2014 huko Sochi, Urusi.

Sasa sikiliza kisa cha Juni 24, 2013. Ni fainali ya Kombe la Stanley. Timu ya Oduya, Chicago Blackhawks, ipo ugenini Boston, na wenyeji wanaongoza mabao 2-1. Imebaki dakika moja na sekunde chache, watu wa Boston wameshaanza kuimba. Ghafla Chicago wanasawazisha. Kabla wenyeji hawajafuta machozi, Oduya anafumua shuti kutoka mbali, kisahani kinagonga mwamba wa goli, mwenzake Dave Bolland anakisukumia wavuni. Kati ya bao na bao zilipita sekunde 17 tu! Mchezo ukaisha 3-2, kombe likaenda Chicago. Mwaka 2015 Oduya na wenzake wakalichukua tena. Na baada ya ubingwa ule wa 2013, timu yao ilikaribishwa Ikulu ya Marekani na Rais wa wakati huo, Barack Obama, ambaye naye baba yake alikuwa Mjaluo wa Siaya. Mzee wangu wa kijiweni, unaona mambo ya watu wa ng'ambo ya ziwa?

Lakini haki itendeke. Oduya hakukuta barafu ikiwa tupu. Kuna mtu aliyetangulia, na mtu huyo alivaa jezi ya Boston hao hao waliolia mwaka 2013.

Anaitwa Willie O'Ree, Mkanada mweusi, aliyezaliwa Oktoba 15, 1935 katika mji wa Fredericton, katika ukoo uliotokana na watumwa waliotoroka Marekani. Januari 18, 1958, akiwa na Boston Bruins, aliingia uwanjani Montreal kucheza na Canadiens, na Boston wakashinda 3-0. Usiku ule O'Ree akawa mtu mweusi wa kwanza kucheza katika NHL. Hakuna aliyepiga ngoma. Mwenyewe amesimulia kwamba alikuja kulitambua jambo lile kwa kusoma gazeti la kesho yake. Wenzetu wa magazeti, mnaona kazi yetu?

Jambo ambalo gazeti lile halikulijua ni kwamba O'Ree alikuwa anacheza kwa jicho moja. Miaka miwili hivi kabla ya hapo, akiwa katika timu ya vijana, kisahani kilimpiga usoni na jicho la kulia likapoteza karibu nguvu yote ya kuona. Daktari akamwambia mpira basi. Yeye baada ya wiki chache akarudi uwanjani, akafunga mdomo, kwa sababu timu ingejua isingemchukua. Alikuwa winga wa kushoto, kwa hiyo ili aone pasi inayotoka kulia ilimbidi ageuze shingo nzima. Jaribu wewe kuendesha baiskeli kutoka hapa mpaka Bariadi mjini ukiwa umegeuza shingo, halafu pembeni kuna watu wanakusukuma!

Na walimsukuma kweli kweli. Msimu wa 1960-61 alicheza mechi 43, akafunga mabao manne. Viwanja vya Marekani vilimpokea kwa matusi ya rangi yake. Huko Chicago mchezaji mmoja wa upinzani alimpiga gongo la uso, akamvunja pua na kumng'oa meno mawili ya mbele. Mwaka 1956, kabla hata ya kufika NHL, alikuwa amekwenda jimbo la Georgia kujaribu mchezo wa besiboli, akakuta vyoo vya weupe peke yao na vya weusi peke yao. Alipokosa nafasi alirudi kwao kwa basi safari ya siku kadhaa, akianzia kiti cha nyuma kabisa kwa sababu ndivyo sheria za kule zilivyotaka, na kadiri basi lilivyopanda kaskazini ndivyo naye alivyosogea mbele.

Msomaji, usije ukadhani O'Ree ndiye mweusi wa kwanza kuujua mchezo huo. La hasha! Mwaka 1895 Wakanada weusi walianzisha ligi yao wenyewe huko Halifax, kwa msaada wa makanisa yao. Na miaka ya 1940 alikuwapo Herb Carnegie, fundi ambaye wengi waliomwona wanasema alistahili NHL. Hakuitwa kuicheza. Mwaka 1948 New York Rangers walimfanyia majaribio, wakamtaka aanzie timu za chini, akakataa kwa kuwa alipokuwa akichezea alikuwa analipwa vizuri zaidi. Alifariki mwaka 2012, na mwaka 2022 ndipo jina lake likaingizwa katika Jumba la Heshima la mchezo huo. Miaka kumi baada ya kuzikwa! Sisi Waswahili tunasema msiba wa kujitakia hauna kilio, lakini huu wa Carnegie hakuutaka yeye.

Sasa hapa ndipo penye kiini cha makala haya, naomba usome polepole. O'Ree alipoondoka NHL mwaka 1961, mlango ulifungwa nyuma yake. Mweusi wa pili, Mike Marson wa Washington, aliingia mwaka 1974. Miaka 13! Je, katika miaka hiyo kipaji kilikosekana? O'Ree mwenyewe aliendelea kucheza ligi za pwani ya magharibi ya Marekani, wakamhamishia winga ya kulia ili jicho zima liuone mchezo, na mara mbili akaongoza kwa mabao. Kipaji kilikuwapo. Aliyekosekana ni mtu wa kuuwekea mlango kigingi usijifunge.

Kwa hiyo kuwa wa kwanza ni jambo moja, na kumfanya wa pili apatikane ni jambo jingine kabisa. Wa kwanza anaweza kupita kwa ubishi wake, kwa jicho moja na pua iliyovunjika. Wa pili, wa kumi na wa mia wanataka uwanja, mwalimu, kocha na mashindano. O'Ree analijua hilo kuliko mtu yeyote, ndiyo maana tangu mwaka 1998 alizunguka mijini akiwa balozi wa NHL, akiwashika mkono watoto ambao zamani barafu ilikuwa haiwataki. Mwaka 2018 wakamwingiza Jumba la Heshima, na Januari 2022 Boston wakaistaafisha jezi yake namba 22.

Turudi kwa swali la mzee. Oduya barafu aliijulia wapi? Jibu: aliikuta mjini kwao. Uswidi kumbi nyingi za barafu ni mali ya halmashauri za miji. Si za bwana fulani, wala si za chama cha siasa. Mtoto wa mhamiaji na mtoto wa mwenyeji wanaingia mlango mmoja. Damu ya Ujaluo haikumfanya awe bingwa, na haikumzuia. Kilichomlea ni ukumbi uliokuwa wazi.

Wakenya wameshalielewa somo hili. Mwaka 2005 hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa jijini Nairobi, ilifungua uwanja mdogo wa barafu kwa ajili ya burudani. Vijana wakaugeuza uwanja wa hoki, wakaunda timu ya Ice Lions, Simba wa Barafu. Hawakuwa na jirani wa kucheza naye, wakawa wanagawana wao kwa wao. Mwaka 2018 kampuni moja ya Kanada ikawapeleka huko wakacheza mechi, na waliovaa jezi upande wao ni Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, nyota ambao watoto wa Kanada wanabandika picha zao ukutani. Mwaka 2024 Kenya ikapokelewa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Yote hayo yametokana na kiwanja kimoja, tena kidogo, ndani ya hoteli!

Na sisi je? Vijana wengi wa rika langu hawajui kwamba Tanzania tuliwahi kucheza mpira wa magongo kwenye Olimpiki, ule wa majani. Ilikuwa Moscow mwaka 1980, nchi nyingi zilipoisusia michezo ile na nafasi zikawa wazi. India walitufunga 18-0. Cheka, lakini tulikuwapo! Na mwaka huo huo, mji huo huo, Filbert Bayi alipata medali ya fedha katika kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata fedha katika mita 5,000. Bayi ndiye yule aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974.

Baada ya medali hizo mbili, kimya. Kuanzia Moscow 1980 hadi Paris 2024 ni miaka 44, na Tanzania haijapata medali nyingine ya Olimpiki. Mlango wa O'Ree ulifungwa miaka 13 tukaushangaa. Wetu umefungwa miaka 44 na wakubwa wanaendelea kutuaga timu kwa bendera na hotuba. Septemba 2025 Alphonce Simbu aliposhinda mbio za marathoni za ubingwa wa dunia Tokyo, akimpita Mjerumani mstari wa mwisho kwa tofauti ndogo kuliko kupepesa jicho, nchi nzima tulishangilia. Vigogo nao walishangilia. Lakini tujiulize: nani ameweka kigingi mlangoni ili Simbu wa pili apite?

Tukumbuke tulikotoka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Serikali ilisimamisha mashindano ya michezo ya shule, eti yanawapotezea wanafunzi muda wa masomo. Yalirudishwa miaka michache baadaye, lakini kuna kundi zima la kaka na dada zetu lililopita shule bila kupigiwa filimbi. Tukumbuke pia viwanja vikubwa, Kirumba ya Mwanza, Kambarage ya Shinyanga na vingine, vilivyojengwa enzi za chama kimoja wakati kila Mtanzania alihesabiwa kuwa ndani ya chama na kila mtu alichanga. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, viwanja vikabaki na chama tawala, na jina lake limeandikwa getini. Waswidi wangetuelewa? Kule ukumbi ni wa halmashauri. Huku uwanja ni wa chama.

Hayo ni ya mbali. La karibu linaniuma zaidi. Nilisoma shule moja ya msingi ya huku kwetu, jina naliweka kapuni. Tulikuwa na uwanja wa vumbi wenye magoli ya miti ya mwarobaini. Darasani kwetu alikuwapo kijana mmoja, mtoto wa mchunga ng'ombe, aliyekimbia kama ametumwa na upepo. Alikuwa anafika shule baada ya kupeleka mifugo majini, bila viatu, na bado anatushinda sote. Mwalimu mmoja akaahidi kumpeleka kwenye mashindano ya wilaya. Tulipofika darasa la sita, uwanja ulikatwa nusu, zikajengwa fremu za maduka. Tuliambiwa ni mradi wa shule. Mwaka uliofuata nusu iliyobaki ikawa njia ya malori ya pamba. Kodi ya fremu zile sijui ilikwenda wapi, lakini kwenye madawati haikufika, maana tulimaliza darasa la saba tumekaa chini. Yule kijana nilimwona mwaka jana Mwanza anasukuma mkokoteni wa ndizi. Aliniona, akacheka, akaniambia: "Bado nakimbia, ila sasa nawakimbia mgambo."

Msomaji, maneno hayo yalininyima usingizi. Hapa Dutwa watafiti walikuja wakakuta nikeli ardhini, tukashangilia. Lakini mali iliyolala chini ya mlima haimnunulii mtu hata chumvi mpaka ichimbwe. Kipaji nacho ni hivyo hivyo, tena kibaya zaidi, kwa sababu nikeli inaweza kungoja miaka mia na miguu ya kijana hainogi kwa kungojea.

Najua wapo watakaosema: "Kijana huyu wa kidato cha nne anatuletea habari za barafu wakati tunadai bei nzuri ya pamba, maji na dawa zahanati." Nawaelewa, mimi mwenyewe ni mtoto wa jembe. Lakini sijadai barafu Dutwa! Sijadai hata nyasi. Uwanja wa vumbi hauhitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Unahitaji ardhi ambayo tayari tunayo na viongozi ambao hawataimega. Huwezi kuniambia fedha hakuna kwa kitu kisichotaka fedha.

Na upinzani nao wasijifanye malaika. Nimeona kampeni zikija hapa, malori ya vyama vyote, nasema VYOTE, yanaegeshwa katikati ya uwanja wa watoto, yanachimba mashimo, kesho yake yameondoka. Anayetaka kura yangu aanze kwa kuegesha gari barabarani.

Tufanye nini basi? Moja, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano mkuu ni wewe na mimi. Ukisikia uwanja umekatwa, nenda kadai muhtasari wa kikao kilichoidhinisha. Ukikosekana, hapo pana jambo. Mbili, kila uwanja wa shule upimwe, uwekewe mawe ya mipaka na uandikwe kwa jina la shule, ili kigogo yeyote akija na kamba yake aulizwe anapima nini. Tatu, viwanja vilivyojengwa kwa jasho la wote virudishwe kwa halmashauri, vitumiwe na wote.

Willie O'Ree alikuwa na jicho moja akauona mlango. Sisi tuna macho mawili, tunautazama ukipigiwa misumari na wanaotuomba kura. Mzee wangu wa kijiweni, nimekujibu: Oduya barafu aliikuta kwao, wala hakuna aliyeikata nusu akajenga fremu.

Sasa mimi nakuuliza wewe: mjukuu wako akianza kukimbia kesho, atakimbilia wapi?

Mwandishi wa makala haya ni mwandishi wa habari wa kujitegemea, mkazi wa Dutwa, wilayani Bariadi.